Pishi ni ya Makubaliano, Kupunja Je?

Wazee wangu, masheikh na mapadri mliofika, walimu, na nyinyi vijana wa kidato cha sita mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, na wasioitikia hivyo, habari za jioni.

Mada tuliyopewa ni hii: wema na ubaya ni mamoja kwa watu wote, au kila watu na mambo yao? Nitaanzia sokoni, maana vitabuni swali hili hufanywa gumu kuliko lilivyo.

Mwambao huu nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Kwa nini vinne na si vitano? Hakuna kwa nini. Watu walipatana hivyo, basi. Leo tunapima kwa kilo, gengeni mchele unauzwa kwa kopo au kisado, na mambo yanakwenda. Mtu akidai pishi ndiyo kipimo cha kweli na kilo ni ya uongo, tutamwona kapungukiwa. Sasa mtazame muuzaji aliyebandika kitako cha pili ndani ya kibaba chake. Kwa nje kibaba ni kilekile, ndani kimepungua robo, na bei haikuguswa. Mpeleke penye ratili, atakwangua jiwe la mizani. Mpe mizani ya saa, atachezea springi. Kipimo kinabadilika kila mji, kupunja ni kulekule. Na hakuna mji uliokaa kikao ukapatana kwamba muuzaji ampunje mnunuzi bila mwenyewe kujua. Hata kwa mantiki haiwezekani, kwa kuwa mkishapatana si kupunja tena, ni kipimo kipya.

Hilo ndilo nililokuja nalo. Mengi tunayoyaita tofauti za maadili ni tofauti za pishi, na chini ya pishi pana jambo lisilongoja makubaliano ya mtu. Kazi ni kujua, kwa kila jambo lililo mbele yetu, kama tunashika pishi au tunashika kupunja. Watu huvichanganya viwili hivi, na huvichanganya kwa njia zilezile kila mara.

Kauli ya kila watu na mambo yao ina methali yake: ukienda kwa wenye chongo. Mwisho wake mnaujua, ila unasemwa kwa namna mbili. Wengine husema fumba lako jicho, wengine vunja lako jicho, na watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona ugomvi wote umelala katikati ya vitenzi hivyo viwili. Kufumba ni adabu ya mgeni: unavua viatu mlangoni, unakula kwa mkono wa kulia, unasalimia kwa salamu ya wenyeji, na jioni ukirudi kwako unafumbua. Ukivunja, hata kwako ukirudi huoni.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Darius mfalme wa Uajemi aliwauliza Wagiriki, ambao walichoma maiti zao, wangetaka fedha kiasi gani ili wawale baba zao waliokufa. Wakakataa katakata. Akawauliza watu wa kabila moja la Wahindi, wenye desturi ya kuwala, wangetaka kiasi gani ili wawachome. Wakapiga ukelele asitamke neno hilo. Hoja hii ina miaka karibu 2,500 na bado ndiyo inayotangulizwa. Lakini itazameni vizuri: pande zote mbili zilikataa kitu kimoja, kumvunjia heshima baba aliyekufa. Kwetu hapa maiti wa Kiislamu wa kiume huvikwa sanda ya nguo tatu na wa kike tano, Mkristo hulazwa kwenye jeneza, Mhindu huchomwa. Nguo ngapi, hiyo ni pishi. Kumtupa maiti wa mwenzio jalalani ni jambo jingine, na katika jamaa hao wote hapana anayehitaji kufundishwa hilo.

Kosa la kwanza, basi, ni la mantiki. Mtu anaona watu wanatofautiana, anaruka mpaka kusema hapana ukweli. Hapo katikati hapana daraja. Kabla ya mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vimelea vya malaria ndani ya mbu, wako waliosema homa hii inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi, wako waliosema ni pepo. Kubishana kwao hakukuifanya homa ikose chanzo.

Mwanafunzi mwerevu atanijibu: Ross alikuwa na hadubini, wewe wa maadili una hadubini gani? Swali hili J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, aliliuliza vikali mwaka 1977. Alisema kama ubaya ni kitu kilichopo ulimwenguni, basi ni kitu cha ajabu mno, hakifanani na chochote kingine tukijuacho. Jibu langu ni kwamba hata sokoni upunjaji hautafutwi kwa hadubini. Huwezi kuchambua mchele ukaukuta umelala kama punje ya chuya. Unachokiona ni kibaba, kitako cha pili, bei, na mtu ambaye angejua asingelipa. Vipange hivyo vinne na upunjaji umekwisha kuonekana, hakikubaki cha tano cha kutafutwa. Mackie alikuwa anakitafuta cha tano. Wanaomfuata hawataridhika na jibu hili, na wanayo haki ya kutoridhika, lakini sijaona aliyeonyesha kwamba bila hicho cha tano muuzaji wetu anatoka salama.

Kosa la pili ni kuzihesabu tofauti za habari kana kwamba ni tofauti za wema. Chukueni kigego. Zamani, huku pwani na bara yake, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa nuksi, na wako waliouawa. Mtu wa leo anasikia hayo anasema: basi kwao kuua mtoto kulikuwa kuzuri. Sivyo. Watu wale waliamini mtoto huyo akikua ataumaliza ukoo. Walichotaka ndicho tunachotaka sisi, jamaa wapone. Kilichopotoka ni habari waliyokuwa nayo juu ya meno. Sahihisha habari hiyo na desturi inakufa, bila kuugusa moyo wa mtu.

Ila msiibebe dawa hii mkaipaka kila kidonda. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, nayo yana habari ya uongo ndani yake, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba habari ile ingekuwa kweli. Ingehalalisha kitu? Kwa kigego, habari ingekuwa kweli ingetutia katika mtihani mzito kweli: mtoto mmoja na ukoo mzima. Kwa hili hakuna mtihani wowote. Aliyelipa fedha akatwe mtu mkono ili yeye atajirike hakudanganyika tu, alidhulumu. Kwa hiyo mkikutana na desturi inayowatia wasiwasi, ondoeni uongo uliomo, halafu mtazame kama ubaya umeondoka nao au umebaki pale pale.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na kwa sisi wa Bagamoyo liko chini ya miguu yetu. Tunaambiwa utumwa ulikuwa desturi ya wakati ule, tusiwahukumu wa kale kwa macho ya leo. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na pembe na watu vilishukia hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa mji huu, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza mavazi ya mtumwa wa zamani: kofia hakuvaa, viatu hakuvaa, wala kanzu ya kufunika miguu. Kweli ilikuwa desturi. Nauliza, ya nani? Katazo halitungwi kwa jambo ambalo hapana anayelitaka. Kama mtumwa aliridhika kwamba yeye si mtu wa viatu, viatu vingekatazwa vya nini?

Na lugha yenyewe ni shahidi. Kiswahili kilihitaji neno mtoro (msiwaze jina la bwana huyu, nasema neno lenyewe), na vijiji vya watoro vilijulikana kwa majina. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, wakatoroka, wakajijengea makazi Kikogwe, na waliofuatwa kurudishwa hawakurudi. Walikuwa watu wa wakati uleule, wa pwani ileile, wenye lugha ileile. Anayesema utamaduni ule uliukubali utumwa amewahesabu wenye kanzu ndefu tu. Utamaduni hauna mdomo. Wanaosema ni watu, na mara nyingi anayepewa nafasi ya kuusemea ni yule asiyelipa gharama yake.

Upande wa haki moja kwa wote nao una deni, tena kubwa. Wajerumani walijitangaza kwamba wanapiga vita biashara ya watumwa. Mwaka 1889 bunge lao likatoa marki milioni 2, kamanda wao Wissmann akaja na jeshi, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, akanyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Utumwa wenyewe hawakuufuta. Walichoagiza baadaye ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Kufutwa kabisa kulingoja mpaka 1922, chini ya Waingereza. Na wakaleta khamsa ishirini, viboko 25, neno ambalo pwani hii halijasahaulika.

Wengi wakiisoma historia hii husema: mnaona? Haki ya watu wote ni silaha ya mkoloni, tuitupe. Hasira naielewa, hesabu haifungi. Kama kila watu na haki yao, Mjerumani alikuwa anafuata ya kwao, na huna la kumwambia zaidi ya kwamba sisi hatupendi. Ukisema alidhulumu, na alidhulumu, umekwisha kusimama juu ya kipimo kisicho chake wala chako. Hata kule kusema tuheshimu tamaduni zote ni amri kwa watu wote; anayeitoa hawezi tena kusema hakuna amri ya watu wote. Wanaanthropolojia wa Marekani walipita njia hii. Mwaka 1947 chama chao kilitoa tamko la kulitilia shaka azimio la haki za binadamu lililokuwa linaandaliwa. Mwaka 1999 chama hichohicho kikatoa tamko la kuziunga mkono haki hizo.

Na kabla sijamwacha Mtoro bin Mwinyi Bakari: akiwa mwalimu wa Kiswahili Berlin alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata wakaja Dar es Salaam, na wenye mamlaka hawakumkubalia kukaa nchini na mkewe. Wakarudi, na alifia Ujerumani mwaka 1927. Ndoa halali Berlin, balaa Dar es Salaam, bendera moja. Niambieni utamaduni wa Kijerumani ulisema nini juu ya ndoa ile.

Masheikh watauliza dini imekaa wapi. Katika elimu ya kalam, yaani ya hoja juu ya itikadi, mjadala huu ni mkongwe. Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa kale, walisema akili inatambua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Wafuasi wa Imamu Ash'ari, ambao Mashafii wa mwambao huu wengi wako upande wao, walisema jema ni aliloliamrisha Mungu. Siwaamulii jioni moja. Ila hakuna kundi kati ya haya lililosema jema ni lile mji ulilolizoea.

Ambapo mazoea ya mji yana kauli, mafakihi waliyapa mlango wake na kizingiti chake. Kanuni inasema ada ni hakimu, lakini kwa masharti: iwe imeenea, iwe ipo wakati mkataba unafungwa, isigongane na nassi, yaani maandiko ya dini, wala isigongane na sharti ambalo wahusika walilitaja wazi. Tazameni orodha inayorudi na majibu ya posa. Kuna mahari. Kuna kilemba cha baba. Kuna mkaja wa mama, kwa kumbukumbu ya kitambaa alichofungwa tumboni baada ya kujifungua. Kuna ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto. Siku hizi vyote vimegeuka bahasha. Kilemba kiwe laki ngapi, ubeleko uwepo usiwepo, hiyo ni ada, na Tanga si lazima wafanane na Bagamoyo. Mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, Qur'ani imeamrisha apewe yeye. Baba akiitia mfukoni na kusema ndiyo mila yetu, ameipeleka ada mahali ambapo haikupewa uhakimu. Kosa linatokea wapi? Linatokea pale vitu vinne vinapotajwa kwa jumla moja. Mshenga akisema milioni mbili kwa pamoja, hapana anayejua tena ya binti ni ipi. Iandikwe mbalimbali, na itajwe mbele ya mashahidi.

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, aliifanya tofauti hii ya ada na maadili kuwa kazi yake ya miaka mingi, na alisema kiini cha maadili ni kujiweka mahali pa mwenzio bila upendeleo. Sisi tunasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni kipimo kizuri, lakini kinataka mkono uliozoea. Hebu tukitumie kwenye lumbesa, ambayo kila mfanyabiashara huitetea kwa neno desturi ya soko.

Lumbesa inatengenezwa hivi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halifungwi. Linashonewa wavu au kipande cha gunia jingine juu, linajazwa tena mpaka linatokeza kama kilemba, ndipo linakazwa kamba. Sheria ya vipimo inataka kilo 100 zisizidi. Tuseme hili lina kilo 130. Mkulima wa magunia kumi ametoa kilo 1,300, amelipwa za 1,000.

Anza kwa kulisema jambo kwa majina ya watendaji: nani anamfanyia nani nini. Lumbesa ni desturi, hiyo haipimiki. Mnunuzi anachukua kilo 30 za mkulima bila kuzilipa, hiyo inapimika. Kisha tafuta habari. Huenda bei ya gunia imekwisha kuzihesabu zile kilo 30, na kama wote wawili wanajua hivyo, basi lumbesa ni pishi kubwa tu. Njia ya kujua ni nyepesi: leta mizani. Kama mnunuzi anakataa mizani, umepata jibu. Kisha badilisha nafasi, na hapa ndipo wengi huharibu. Mfanyabiashara akijiweka mahali pa mkulima hujiweka na mtaji wake mfukoni, anasema mimi ningekataa tu. Ajiweke na mazao yanayooza keshokutwa, barabara iliyokatika na mnunuzi mmoja tu aliyefika. Lakini hata hilo si lazima, maana mwenyewe amekwisha kutoa ushahidi: ananunua kwa gunia, anauza kwa kilo. Angekuwa anaamini gunia ni kipimo cha haki, angeuzia hilohilo.

Halafu tafuta mtu ambaye hakuwepo kwenye mapatano. Kuli analipwa kwa gunia. Mapatano ya bei yanaweza kuwa safi kabisa kati ya wawili, na mgongo wa wa tatu ukabeba kilo 30 ambazo hapana aliyemuuliza. Katika desturi nyingi zinazoitwa zetu, mtu huyu wa tatu yupo, na mara nyingi ni mtoto au mwanamke.

Na akisema mwenyewe nimeridhika? Usimdharau, wala usikomee hapo. Uliza akisema hapana atalala wapi usiku huo. Ridhaa ya mtu ambaye hapana yake inamtoa nyumbani si ridhaa ya kupimia.

Mfano wa kazi hii ikifanywa kwa uangalifu uko mahakamani. Mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kurithi shamba la ukoo na kulitumia, kuuza hapana. Mwanamume aliruhusiwa kuuza, na wanaukoo wakawa na haki ya kulikomboa. Mwanamke mmoja aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na jamaa wa ukoo akashitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Hakuitupa mila nzima. Jamaa yule alipewa miezi sita kulikomboa shamba kwa bei ileile, kama ambavyo angelikomboa kwa muuzaji mwanamume. Kukomboa shamba la ukoo ni pishi ya Wahaya, akaiacha. Alichokiondoa ni kitako cha pili.

Yako mambo ambayo ukiyapitisha huku yanagoma. Mwenye mshahara mmoja, ada ya mwanawe na dawa za shangazi zimefika siku moja: jamii moja itasema mtoto kwanza, nyingine itasema mkubwa kwanza, na sina mizani ya kuniambia mmoja wao amedhulumu. Hapo huenda majibu sahihi ni mawili. Kuchinja wanyama, adhabu iwe kali kiasi gani, mgeni apewe nini njaa ikiingia, navyo ni vigumu, na anayewaambia kavimaliza msimwazime fedha.

Tuna muda wa maswali mpaka magharibi. Kuna karatasi hapa inauliza juu ya mgao wa samaki: gharama za mafuta na barafu zikatwe kabla ya kugawa, au zitoke kwenye fungu la mwenye chombo. Aliyeiandika asogee mbele, na atuambie kwanza ni nani anayeshika daftari la hayo mafuta.